Shajara ya mradi: kozi sita mtandaoni, muhula wa pili 2023/24

Jumatatu, 4 Machi 2024

Leo nimekabidhiwa rasmi. Barua ina aya mbili na mhuri: mratibu wa majaribio ya ufundishaji kwa mtandao. Posho haikutajwa, nami sikuuliza. Mimi ni afisa TEHAMA, si mwanataaluma, na hapa chuoni tofauti hiyo huonekana mpaka kwenye nani anaanza kuongea kikaoni.

Kozi ni sita, walimu watano, wanafunzi wanakaribia mia tisa. Andiko la mradi linataka kila kozi iwe na maelezo, video za mihadhara, jukwaa la majadiliano na majaribio, vyote kwenye Moodle, mfumo wa kompyuta wa kuendeshea kozi. Moodle yenyewe tunayo siku nyingi. Ilisimikwa, ikazinduliwa kwa keki, ikalala. Nimeingia leo kama msimamizi nikahesabu: kozi 211 zimefunguliwa, zenye kitu ndani ni 19, na katika hizo 19, kumi na moja zina muhtasari wa kozi peke yake.

Hatuko peke yetu kwenye usingizi huu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM) wenyewe, ambao ndio wakongwe, walianza na mfumo wa WebCT mwishoni mwa miaka ya 1990, wakaenda Blackboard, mwisho wakatua Moodle ambayo haina ada ya leseni. Na Machi 2020, vyuo vilipofungwa tarehe 18 kwa sababu ya korona mpaka vilipofunguliwa 1 Juni, hapa kwetu tuliendesha mambo kwa makundi ya WhatsApp, kwa wale waliokuwa na simu na mtandao huko vijijini walikorudi. Iliundwa kamati. Kamati ikaandika ripoti. Chuo kilipofunguliwa, ripoti ikafungwa kabatini. Ninayo mezani sasa hivi. Bado inanukia wino.

Alhamisi, 7 Machi

Kabla ya kumfuata mwalimu yeyote nimekwenda nje ya geti, steshenari. Nilitaka kuona wanafunzi wanapata wapi maelezo leo hii.

Mama mwenye duka ana mafaili ya boksi yamepangwa ukutani, kila moja na msimbo wa kozi kwa kalamu nene. Ndani ya kila faili kuna kitini mama, kile kisichouzwa, cha kutolea kopi tu. Nimemwamkia, akaitikia bila kuinua macho kwenye mashine, akaniuliza, "Unataka cha mwaka wa ngapi, baba?"

Nikamwambia sitaki kitini, nataka kujua vinafikaje kwake. Akacheka. Walimu wengine humletea wenyewe, wengine humtuma CR, kiongozi wa darasa, na flashi. Anajua ni kozi ipi maelezo yake hayajabadilika tangu afungue duka. Anajua ni mwalimu gani hutoa sura moja moja ili watu wasiache kuhudhuria. Ukurasa ni shilingi mia, ukichukua kitini kizima anapunguza. Mwanafunzi akiwa hana kitu anaandikwa kwenye daftari, analipa bumu, hela ya mkopo, likitoka.

Nimekaa pale kama saa nzima. Wamekuja wanafunzi kumi na tisa, na wote wameondoka na walichokifuata. Umeme ulikatika mara moja, akawasha kijenereta chake akaendelea. Nikajisemea: huu ndio mfumo wa chuo chetu, na unafanya kazi kuliko wangu.

Jumatatu, 11 Machi

Siku ya kupima uzito. Dokta wa Takwimu (nitamwita hivyo) amenipa flashi yenye kozi yake yote: MB 214. Nimefungua wasilisho la wiki ya kwanza peke yake, MB 38. Maandishi yaliyomo yangeingia kwenye kurasa sita. Uzito wote unatoka kwenye picha. Amepiga ubao wake kwa simu mpya, kila picha MB nne au tano, akaibandika kwenye slaidi na kuivuta kwa kona mpaka ikawa ndogo kama kadi ya kliniki. Machoni ni ndogo. Kwenye faili uzito ni ule ule.

Nimezipunguza picha, nikageuza slaidi kuwa PDF. MB 38 zimekuwa MB 1.1. Nimemwonyesha Dokta ubao wake kwenye simu yangu, akaisogeza karibu na pua na kusema, "Sijui umefanya nini, lakini sigma inasomeka."

Sababu ya kuhangaika na hesabu hizi ni hii. Mwanafunzi mwenye mkopo kamili wa Bodi ya Mikopo anapata shilingi 10,000 kwa siku ya chakula na malazi. Ilikuwa 8,500 kabla ya kuongezwa. Asiye na mkopo anategemea nyumbani. Bando linatoka kwenye hela hiyo hiyo ya wali maharage. Video ya saa moja ya mhadhara, hata ikibanwa vizuri, ni mamia ya MB, na hiyo ni kozi moja, wiki moja. Waliozoea waifai ya ofisini hawaoni hesabu hii. Afrika Kusini wakati wa korona kampuni za simu zilifungulia tovuti za vyuo bila kumkata mwanafunzi bando. Sisi mradi huu hauna ubavu wa kukaa meza moja na kampuni ya simu.

Nimeandika kanuni ya kwanza ya mradi, na haimo kwenye andiko: wiki moja ya kozi isizidi MB 5, kila kitu ndani. Video nimezifuta kwenye mpango. Badala yake sauti: dakika 12, kilobiti 32 kwa sekunde, haifiki MB 3. Msimamizi wangu hakufurahi. Video ndizo zilizopendeza kwenye andiko.

Alhamisi, 21 Machi

Semina ya walimu. Kwa kozi zetu sita nilihitaji watano tu, ila uongozi ukataka ialike wote wa kitivo, "ili kujenga uelewa". Walioalikwa ni sitini, waliokuja kumi na saba. Swali la kwanza, kabla sijawasha projekta, lilikuwa kama kuna fomu ya kusaini. Nikasema ipo ya mahudhurio. Watatu wakatoka kupokea simu na hawakurudi.

Siwalaumu kama ninavyowalaumu wengine humu ndani. Mtu ana vipindi vya watu mia nne, ana tasnifu za kusimamia, ana mashine ya kusaga mtaani inayomlipia watoto ada. Unamwita saa nne asubuhi kujifunza kazi ya ziada, na chai hakuna.

Waliobaki walikuwa wazuri. Mama mmoja wa Sosholojia alijifunza kupakia faili, akapakia, akafuta, akapakia tena mara tano mfululizo, akisema anataka vidole vizoee.

Jumanne, 2 Aprili

Leo Dokta wa Takwimu amenikalisha chini. Naandika mazungumzo haya kwa kirefu kwa sababu nadhani ndipo mradi mzima ulipo.

Alitoa fomu ya mzigo wa kufundisha, ile inayojazwa kila muhula, akaiweka mbele yangu. Ina safu nne: mihadhara, semina, maabara, usimamizi wa tasnifu.

"Nikikaa usiku narekodi dakika zako kumi na mbili," akasema, "nitajaza safu ipi?"

Nikamwambia labda semina.

"Semina ina chumba na saa. Mkaguzi wa ndani akija atauliza chumba namba ngapi. Nitasema chumbani kwangu, mke wangu shahidi?"

Nikaleta hoja ya TCU, Tume ya Vyuo Vikuu. Krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, kwa hiyo kozi ya krediti 12 ni saa 120, na saa hizo si za mhadhara pekee: zimo za kujisomea, za mazoezi, za mitihani. Na mwongozo wa Tume kuhusu ufundishaji wa mtandaoni na mseto unaruhusu. Njia ipo.

"Hizo ni saa za mwanafunzi," akajibu. "Mimi nakuuliza za mwalimu."

Sikuwa na jibu. Akaendelea taratibu, kama anayemfundisha mtoto kugawanya. Kupanda daraja ni kwa machapisho na tathmini ya ufundishaji darasani. Kurekodi hakumpandishi mtu. Kisha akauliza la tatu, na hili lilimtoka kwa sauti tofauti: "Mkataba wangu ukiisha, hizo sauti zitabaki kwenye seva yenu. Mtaajiri kijana wa kusahihisha tu, sauti yangu iendelee kufundisha. Hilo nani ameliandika popote?"

Hakuna aliyeliandika. Tunayo Sheria ya Hakimiliki ya 1999 ya nchi, lakini kati ya chuo na mwalimu wake hakuna karatasi inayosema maelezo yaliyopakiwa ni ya nani na yatatumika mpaka lini.

Kwa miaka nimesikia kwenye warsha kwamba "walimu wakongwe wanaogopa teknolojia". Huyu mzee anaandika programu zake mwenyewe kwa R, lugha ya kompyuta ya takwimu. Anachogoma ni kufanya kazi isiyokuwa na safu.

Jumatatu, 15 Aprili

Wiki iliyopita, baada ya Idi, watu walirudi, jukwaa la majadiliano likawa bado kimya. Mama wa Sosholojia aliweka swali zuri kwa Kiingereza wiki mbili zilizopita. Wanafunzi 160, majibu manne, matatu yakiwa "agree" na la nne limenakiliwa mahali.

Tukakaa naye. Nikamuuliza darasani anafanyaje. Akasema darasani anasoma slaidi kwa Kiingereza, kisha anaeleza kwa Kiswahili, ndipo mikono inapoinuka. Kila mtu anafanya hivyo na hakuna anayeliandika. Sasa jukwaani tulikuwa tumeweka nusu ya kwanza ya somo tu.

Amefuta swali, ameandika upya: "Kwenu nani anaamua binti asome mpaka wapi? Jibu kwa lugha yoyote, ila kazi ya kukusanya itakuwa kwa Kiingereza." Hiyo ilikuwa Ijumaa. Leo asubuhi kuna majibu 73. Mmoja ameandika aya tatu kuhusu shangazi yake wa Makete, mwingine anambishia kwa heshima, "dada yangu, hapo sijakuelewa", wa tatu kaingia na takwimu za sensa. Mama wa Sosholojia amenipigia simu saa mbili usiku akisoma kwa sauti.

Nimejaribu kutafuta kwenye kanuni za chuo kama tumevunja chochote. Lugha ya kufundishia ni Kiingereza. Kuhusu lugha ya kubishana, kanuni hazisemi kitu.

Jumatano, 24 Aprili

Mwanafunzi mmoja wa kozi ya Historia haoni. Alikuja ofisini na kompyuta yake, akaiweka mezani, akafungua kitini cha wiki ya pili tulichopakia. Anatumia NVDA, programu ya bure inayosoma skrini kwa sauti. Akabonyeza. Kompyuta ikasema jina la faili, kisha ikakaa kimya. Akabonyeza tena. Kimya. Akanigeukia: "Kaka, nyie mmeniwekea picha."

Ndivyo. Kitini kilitoka steshenari: kimechapwa, kimekopiwa, kimeskaniwa. Kwangu ni maandishi, kwa programu yake ni karatasi yenye madoa. Na mimi ndiye niliyekisifu kwa wepesi wake, MB 2 tu.

Tuna Sheria ya Watu Wenye Ulemavu tangu 2010, na chuo kina hata bango lake. Lakini kwenye orodha yangu ya ukaguzi wa faili kulikuwa na uzito, jina na tarehe, hapakuwa na "je, linasomeka kwa NVDA?" Nimeiongeza. Kijana wa maabara anachapa upya vitini vinne. Cha kwanza kilipomaliza, mwanafunzi aliongeza kasi ya sauti mpaka mimi nikawa sielewi neno, yeye anatikisa kichwa.

Ijumaa, 3 Mei

Fupi. Mwalimu mmoja aliomba nimtolee majina na alama za jaribio ayaweke kwenye kundi la WhatsApp la darasa. Nimekataa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kutumika Mei mwaka jana. Akasema mbao za matangazo zimekuwa na majina na alama tangu yeye anasoma. Ni kweli. Kila mtu ataona alama yake kwenye mfumo kwa kuingia mwenyewe.

Jumatatu, 13 Mei

Jana mtandao umekatika. Si wetu, wa nchi na majirani. Waziri Nape amesema ni hitilafu kwenye nyaya za baharini, EASSy na Seacom, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Leo asubuhi WhatsApp inazungusha tu. Barua pepe hakuna. Mashine za miamala zinasuasua, kantini wanataka taslimu.

Nilidhani mradi umekufa. Saa tatu akaja kijana wa mtandao, anahema: "Bosi, Moodle ipo hewani."

Seva yetu ipo hapa hapa chuoni, kwenye chumba chenye kiyoyozi kinachovuja. Haipiti baharini. Mwanafunzi aliye kwenye waifai ya chuo anaifikia kwa nyaya zetu wenyewe. Na niandike hili ili lisije kusahaulika: Februari, mimi mwenyewe niliandika dokezo la kuihamishia kwa mwenye seva wa nje, kwa sababu ya kile kiyoyozi. Lingepita, leo tungekuwa gizani na wengine.

Ila "ipo hewani" ilikuwa nusu ya ukweli. Kwanza, jina la tovuti lilikuwa linatafutwa kwenye seva ya majina iliyo nje ya nchi, kwa hiyo simu ziliuliza njia ya kwenda jengo la jirani huko ng'ambo na kukosa jibu. Tumeliandika jina hilo kwenye seva ya majina ya hapa ndani, dakika ishirini. Pili, ukurasa wa mbele ulikuwa unasubiri herufi za mapambo kutoka Google. Tumeyaondoa mapambo. Tatu ndilo lililotumaliza: mwaka jana tuliweka kitufe cha kuingia kwa akaunti ya Google ili watu wasisahau nywila. Google haipo, na wanafunzi karibu wote hawana nywila nyingine.

Tumefungua dirisha la ofisi kama benki. Kitambulisho, namba ya usajili, unapewa nywila ya kuanzia kwenye kipande cha karatasi, unabadilisha palepale. Nimeandika kwa mkono wangu karatasi ya manila na kuibandika kantini: MFUMO UPO. WAIFAI YA CHUO. NYWILA CHUMBA NA. 4.

Foleni imefika kwenye miembe.

Jumatano, 15 Mei

Kabla ya Jumapili, waliokuwa wakiingia kwa siku hawakuzidi sitini. Jana ni 512. Leo saa kumi jioni ni 640, wamo wasio wa kozi zetu, wanachungulia.

Walimu wanne ambao sikuwahi kuwaona semina wamekuja na flashi. Slaidi zao walizoea kuzituma WhatsApp. Dokta wa Takwimu amekuja pia. Hakusema neno kuhusu safu, ameketi kwenye kompyuta ya pembeni akarekodi dakika zake 12 kwa kipaza sauti cha simu, milango imefungwa, wanafunzi wakilalamika nje. Alipotoka akasema, "Hii nimejitolea. Andika hivyo."

Nimeandika.

Jumatatu, 27 Mei

Mtandao ulirudi kidogo kidogo, na watu wakarudi WhatsApp kwa kasi ile ile. Wiki iliyopita wastani wa siku ni 170. Ni karibu mara tatu ya zamani, lakini mimi niliyekuwa nikiota hesabu za mia sita nimeamka.

Nimewauliza ma-CR watano. Jibu lao halina chuki: WhatsApp inaita, Moodle haiiti. Mwalimu akipakia kitu hakuna anayejua mpaka aambiwe, na anaambiwa WhatsApp. Basi tumekubaliana CR atume kundini mstari mmoja tu, jina la wiki na kiungo, faili libaki kwenye mfumo. Programu ya Moodle ya simu inaruhusu kupakua kozi ukiwa kwenye waifai ukasome hosteli bila bando. Hilo wengi walikuwa hawalijui, na kosa ni letu, tulifundisha walimu tukasahau wanafunzi.

Jumanne, 18 Juni

Kamati ya rasimu ya sera ya ujifunzaji kwa mtandao. Nimeitwa kama katibu. Rasimu ina kurasa 34, nzuri, yenye dira, dhima na maadili ya msingi. Ukurasa wa tisa umetaja "Ndaki ya Sayansi za Bahari". Sisi tupo Nyanda za Juu Kusini, bahari tunaiona kwenye kalenda. Palikuwa na kimya kifupi, kisha mwenyekiti akasema lisahihishwe na tuendelee.

Tukaendelea. Sera ya Taifa ya TEHAMA ya 2016 imenukuliwa, ya kwanza ya 2003 imenukuliwa, ya elimu imenukuliwa. Hakuna aliye juu yetu aliyekataa ufundishaji wa mtandao; kila ngazi imeshasema ndiyo, na baadhi zimesema mara mbili. Nikaomba nafasi, nikauliza: mwalimu akirekodi, anajaza safu ipi? Kukawa na kimya cha pili, kirefu kuliko kile cha bahari.

Profesa mmoja mkimya, anayesinzia vikao vingi, akafumbua macho akasema niandike pendekezo, ukurasa mmoja, lisizidi. Nimeliandika usiku huu. Mambo manne tu. Safu ya tano kwenye fomu ya mzigo, yenye saa zinazotambulika kwa kuandaa na kuendesha kozi mtandaoni. Maelezo yanabaki mali ya mwalimu, chuo kinapewa ruhusa ya kuyatumia kwa kipindi kinachoandikwa, akiondoka anaulizwa. Uzito wa wiki usizidi MB 5, na faili lisomeke na programu ya wasioona. Seva kuu ikae chuoni, nakala rudufu iwe nje.

Kuhusu vifaa sikuandika kitu. Vifaa vitakuja, Serikali ina mradi wa HEET wenye mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425 kwa ajili ya vyuo vikuu, majengo yanainuka nchi nzima. Hofu yangu ni kompyuta mpya kuingia kwenye fomu ya zamani.

Ijumaa, 12 Julai

Jaribio la mtandaoni, Takwimu, wanafunzi 240, kompyuta 40 zinazowaka. Zamu sita. Zamu ya pili tayari walijua swali la kwanza. Dokta alilitegemea: aliandika kila swali kwa namba tofauti kumi, mfumo ukachagua. Waliokariri jibu la rafiki walikosa kwa ufasaha kabisa. Umeme ulikatika zamu ya nne kwa dakika tatu, UPS, zile betri za akiba, zikashika isipokuwa tano. Watano hao wakarudia baada ya zamu ya sita. Mitihani ya mwisho itabaki ya karatasi, na sitaki kusikia vinginevyo mwaka huu.

Alhamisi, 17 Oktoba

Mwaka mpya wa masomo unaanza. Seneti ilikaa. Nilisubiri nje kwenye benchi na faili, kama mgonjwa wa nje.

Safu ya tano imepita, kwa majaribio ya mwaka mmoja, na saa zimepunguzwa: niliomba tatu kwa wiki, zimetoka mbili, na kwa kozi zilizokaguliwa tu. Atakayekagua bado hajatajwa, nahisi najulikana. Seva kukaa chuoni imepita bila mjadala. Wote walikuwepo Mei. MB 5 imegeuzwa kuwa "inashauriwa". Kifungu cha mali ya mwalimu kimepelekwa kwa mwanasheria wa chuo, na mafaili yakienda huko huwa yanachelewa.

Nilimpelekea Dokta fomu mpya. Aliigeuza, akahesabu safu kwa kidole, moja mpaka tano, akatoa kalamu. Kwenye ya tano akaandika mbili. Kisha akaikunja akaitia mfukoni badala ya kunirudishia. "Cha mali kikitoka kwa mwanasheria," akasema, "nitasaini."

Jumatatu, 21 Oktoba

Mama wa steshenari amenifuata ofisini, mara ya kwanza kuvuka geti kwa shughuli. Kopi zimepungua kwa zile kozi sita, lakini si kama nilivyodhani: wanafunzi wanamletea PDF kwenye simu awachapie, kwa sababu wengi bado wanataka karatasi ya kupigia mstari. Tatizo lake ni flashi. Zimemletea virusi mara mbili, fundi amemla elfu thelathini. Anataka awe anafungua Moodle mwenyewe, achape moja kwa moja.

Kama ni yangu ningemfungulia leo. Lakini akichapa anauza, na kifungu cha mali kipo kwa mwanasheria. Nimemweleza. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza huyo mwanasheria anakaa jengo gani.

Kazi za wiki: kiyoyozi cha chumba cha seva, vitini viwili vya Historia havijachapwa upya, kufundisha wa mwaka wa kwanza kupakua kozi kwenye simu kabla hawajatawanyika mtaani.